Pale Mashine Ilipoonyesha, Si Pale Nilipoumwa

Kabla sijaugua nilikuwa naanika kahawa Bwera, na gunia nilijitwika mwenyewe. Kuandika sikujui sana, lakini nimeombwa niwaeleze wagonjwa wenzangu. Nitajaribu nisiongeze chumvi.

Ilianza na kikohozi kikavu na mchomo chini ya ziwa la kulia. Nikamwomba mganga wa miti shamba anichanje hapohapo. Simlaumu, mimi ndiye niliyemwomba. Baadaye nikashindwa kulala ubavu, jasho likawa linalowesha shuka. Kliniki ya kwanza walinivuta maji kifuani mara mbili, ya njano kama mafuta ya kupikia. Vipimo havikuona kitu. Hao nao siwalaumu, vifaa vyao vilikuwa vichache. Ila majirani walishasema ni kansa, na mimi nikaamini. Nikamwambia wifi yangu ajiandae kumlea binti yangu.

Mume wangu, Baluku, alikataa. "Pumzi ya kugombana na mimi iko. Basi na ya kufika Kasese iko. Twende!"

Hospitali ya Kasese, daktari mmoja mwanamke alikuja kitandani na ultrasaundi ndogo ya kubeba mkononi. Nikashangaa. "Dokta, hii si ya wamama wa mimba? Ama niko na mimba ya kifua?"

"Kama iko mimba, mimi si baba yake," Baluku akasema.

Daktari akacheka, akanipaka mafuta baridi. Nikamwonyesha zile chale. "Choma hapa, ndiyo inauma."

"Hapana, mama. Hapo iko maji tu. Ngozi inayofunika pafu imenenepa huku nyuma. Nataka kipande chake kidogo tu nikipime, na mashine itanionyesha njia ya sindano. Usikohoe."

Niliogopa lakini sikumwambia. Alipoleta sindano nilitetemeka mpaka akairudisha.

"Mbona hukusema unaogopa?" Akanigeuzia kioo cha mashine. Nikaona pafu langu likipanda na kushuka, nikatulia. Ganzi ilipokolea nilisikia kusukumwa tu.

Majibu yalikawia. Baluku anasema wiki mbili, mimi naona zaidi.

"Si kansa," daktari akasema. "Ni TB ya ngozi ya pafu. Dawa iko."

Baluku akapiga makofi. Watu wa kwenye benchi wakatukodolea macho: nani anapigia TB makofi?

Binti yangu hakuhamia kwa wifi. Nilimeza vidonge miezi sita. Siku mbili nilisahau, nakiri. Kusema kweli, mashine haikuniponya. Ilionyesha pa kuchukua nyama, na nyama ikataja ugonjwa. Namshukuru Mungu, daktari, na huyo mume mwenye mdomo.

Wewe uliye kitandani, kama sindano inakutisha, sema kabla hawajaishika. Watakungoja.