Leseni ya Unguja

Daktari jirani yangu hapa Ibra, ng'ambo ya bahari, akikupa mkono, kidole chake hutafuta mapigo ya mshipa kabla hajamaliza kukuuliza hali. Tende huipasua kwanza, akaichungulia kama koo la mtoto, ndipo aile. Leseni yake ya udaktari ya Unguja hajaitumia hospitalini tangu ahamie huku, na kila ikikaribia kwisha hutuapia kwamba mara hii hataihuisha. "Nikenda likizo, ukoo mzima hunipangia foleni barazani! Leseni ikishakufa nitawaambia siruhusiwi, nilale zangu."

Juzi, tukinywa kahawa kwake, alimpigia simu shangazi yake wa Unguja kumpa habari hiyo, sauti ameifungulia sote tusikie.

"Shikamoo, shangazi. Safari hii nakuja kupumzika tu. Leseni naiacha."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, pumzika. Hili goti langu nitampelekea yule daktari kijana wa mtaa wa pili. Mpole, tena ana mikono laini."

Daktari aliweka kikombe chini, akaitengeneza shela yake polepole, akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Shangazi, leseni naihuisha leo hii. Goti hilo asiliguse mtu mpaka nije."