Dakika Kumi Kabla ya Adhana

Jumatano, saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, ndipo nilipoanza kumwonea wivu binti wa shangazi.

Alikuja kwetu Ziwani, Nairobi, kutoka Mombasa kufunga Ramadhani na sisi. Tulikuwa kwenye daku, Baba ametia chapati ndani ya chai, yeye akatazama ratiba ya Ramadhani iliyobandikwa ukutani.

"Mjomba, imsak hiyo, zimebaki dakika kumi adhana. Tuachie hapo."

Baba akarudisha chapati kwenye sahani. Mimi nikaendelea kutafuna.

"Na wewe dada, watafuna tu? Nyinyi wa Nairobi mwala mpaka muadhini akohoe."

Baba akacheka vile huwa hacheki na mimi. "Ahsante, mama," akamwambia, akaenda kusukutua.

Hilo "mama" ni jina langu mimi. Baba ananiita hivyo tangu nikiwa mdogo. Yeye anauza mitumba sokoni Gikomba. Akitoka msikitini alfajiri anapitiliza kazini, na akirudi baada ya tarawehe nimeshalala. Saa yangu ya kuongea naye ni zile dakika za mwisho za daku tukingoja adhana, mama yangu akiwa chumbani ananyonyesha mtoto. Sasa huyu mgeni alikuwa amezifuta.

Shuleni huwa sinyooshi mkono. Siku hiyo, kipindi cha dini, nilinyoosha.

"Ustadhi, mtu akila baada ya imsak, saumu yake imeharibika?"

"Huyu ameongeza sahani ya pili," akasema mvulana wa nyuma. Darasa likacheka, uso ukaniwaka.

Mwalimu hakucheka. "Haijaharibika. Imsak kwenye ratiba ni tahadhari, watu wasishtukizwe. Ruhusa ya kula ni mpaka alfajiri iingie. Ikiingia, unaacha."

Jioni nilimwomba Mama ampigie Baba, nikamweleza alichosema ustadhi, simu ikiwa kwa spika ili binti wa shangazi asikie kila neno.

"Kumbe," Baba akasema. "Basi kesho namaliza chai yangu."

"Sawa, mjomba," akasema yeye, anakunja leso wala hajakasirika. "Lakini mimi nitaachia kwa imsak, ndivyo tulivyolelewa."

"Huyu mtoto ana adabu," Baba akasema kwenye simu.

Yaani nilikuwa sahihi mimi, na sifa ikaenda kwake. Tende za futari nilizila nimempa mgongo.

Alhamisi nilimwamsha yeye kabla ya wote. Nikampakulia wali na maharagwe, nikamjazia kikombe.

"Leo wanipenda," akasema.

"Kula, imsak isikukute."

Ilipoingia alikuwa ameshashiba. Akasukutua, akaenda chumbani kusoma Qur'ani. Nilirudisha mlango taratibu, nikavuta stuli hadi karibu na Baba, nikamwongezea chai, nikaanza kumsimulia vile darasa zima lilinicheka.