Kamba wa Kuliwa, Kamba ya Kufungia

Saa tatu asubuhi, na Editha hajakaa tangu aingie. Kiti kipo, na mto juu yake, ila yeye anakizunguka tu. Ndani ya beseni la maji ya moto kuna chupa nene ya kioo, na humo kostiki, kemikali kali inayounguza, inapika unga mweupe uliotokana na maganda ya kamba. Anatazama kipimajoto, anatazama saa ya ukutani, anakwenda dirishani, anarudi.

"Usiniambie nitulie," anamwahi mwandishi. "Hii nikiiharibu, sina nyingine."

Editha, 43, mkazi wa Bigwa, ni fundi wa maabara ya mradi mdogo uliopanga vyumba viwili Mazimbu. Anageuza maganda ya kamba kuwa nyuzi nyembamba mno, jicho haliwezi kuziona. Asidi inaondoa chokaa, kostiki inaondoa protini, kinachobaki kinaitwa kitini. Hicho kinapikwa tena kwa kostiki kali zaidi, kinasuuzwa, kisha kinasagwa katika maji yenye siki kidogo. Kikikubali, kinakuwa uji mwangavu wa kutengenezea utando wa kufunika vidonda.

Kukubali ndiko kwenye kazi.

"Ukipika kidogo, nyuzi zinashikana. Ukizidisha, zinayeyuka zote," anasema. "Ukipatia, kila uzi unapata chaji ya umeme ya aina moja, basi zinasukumana. Kama wake wenza, hakuna anayetaka mkeka mmoja na mwenzake."

Aliingia hapa miaka tisa iliyopita akiwa mfagiaji, na cheti chake mpaka leo ni cha kidato cha nne. Alijifunza akiwa na ufagio mkononi, akiuliza maswali hadi mkuu wa mradi, Dkt. Athanas, akamvalisha koti jeupe.

Sasa koti hilo liko mashakani. Wafadhili wanataka kazi ihamie Dar es Salaam, kamba waliko, na fundi wa kule tayari yupo. Dkt. Athanas aliwasihi: wakionyeshwa sampuli angavu kesho Ijumaa, watafakari upya. Mara tatu mfululizo uji umetoka na ukungu.

Jaribio la nne ndilo lililomtoa Editha machozi. Dereva wake wa siku zote aliugua, akampigia mwingine, Stambuli: "Niletee magunia mawili ya maganda ya kamba." Kwa mtu wa pwani, kamba ni wa kuliwa. Stambuli kakulia kwenye mashamba ya katani, na kwake kamba ni ya kufungia. Akaja na magunia mawili ya makapi ya katani.

"Dada, kiwandani wamesema maganda hawana, wana makapi," alijitetea. "Nikaona ndiyo hayo hayo."

Editha alicheka mpaka akalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Kilichomwokoa ni harusi. Bonifasi, mpishi wa hoteli moja mjini, alikuwa amepikia karamu ya harusi, akabakiza kilo mbili za maganda kwenye friza. Zinatosha kupika mara moja tu.

Saa tano na nusu Editha anachota unga kwa kijiti cha kioo, anausuuza, anausugua kati ya vidole vyenye glavu. Anazima moto.

"Dada Editha, karatasi inasema kupika ni muda wa saa nne, nasi tulianza saa mbili," anashtuka Shamimu, mwanafunzi anayefanya naye kazi. "Bado nusu saa."

"Karatasi haikuona maganda haya. Yalishachemshwa jikoni, ni laini. Tukingoja, tutabaki na maji."

Anasema hivyo kwa sauti thabiti. Kusuuza kunakula muda wa saa tatu. Anashika ndoo, anaiacha, anaishika tena.

Alasiri Shamimu anaweka gazeti nyuma ya kopo la kioo lenye uji, anasoma: "Nafasi za kazi."

"Geuza ukurasa," anasema Editha.

Herufi zote zinasomeka, hata zile ndogo za chini. Dkt. Athanas anainama, anatazama kwa muda mrefu.

"Hongera sana, Editha. Sasa niandikie ulijuaje pa kuzima, niwatumie wa Dar."

Sampuli ni nzuri, na uzuri wake ndio unaoweza kumfukuzisha kazi: akishaandika, nani atamhitaji? Editha anavua glavu. Mikono yake ina makovu manne ya kostiki.

"Shikamoo yako nakupa kila siku, Daktari, na leo usinione sina adabu," anasema. "Vidole havina maandishi. Wao ndio waje hapa. Ninachotaka ni kufundisha, na wafadhili waniandikie kwenye mkataba kwamba mimi ni mwalimu."

Dkt. Athanas anakuna kidevu, anatoa simu.

"Niwaambie waje lini?"

"Jumatatu," anasema Editha, na kwa mara ya kwanza leo anavuta kiti. "Na maganda waje nayo wenyewe."