Kiwavi wa Nyalukemba

Wanajeshi walioasi walipouteka mji wa Bukavu, mwezi wa sita mwaka 2004, Aloys alimpandisha binti yake juu ya plafo, dari ya mbao ya nyumba yao, akaondoa ngazi. Virginie alikuwa na miaka kumi na tisa. Nyumba mbili zilizo karibu zilikuwa zimekwisha kuingiliwa, na watu wote wa mtaa wa Nyalukemba walijua wasichana walikuwa wanatafutiwa nini.

Aloys hakuwa mtu wa bunduki. Miaka kumi na minane alikuwa fundi wa picha katika kituo cha utafiti wa mazao: jicho la fukusi, mguu wa kidukari, mayai ya nzi kwenye jani la haragwe. Vita vilipokifunga kituo, mkuu wake alimwachia kamera na lenzi yake, lenzi isiyoona kitu kilicho mbali zaidi ya shubiri. Nyumbani alikuwa na chumba kidogo cha kusafishia picha, kisicho na dirisha. Mlango wa plafo ulikuwa humo.

Siku ya tatu alishindwa kukaa. Kwenda sokoni hakuna, kwenda kanisani hakuna. Kazi ilikuwa kusikiliza buti barabarani, na mbao za plafo zikilia kila binti alipogeuka. Mkewe, Colette, alimkuta ameshika kamera.

"Papa Virginie, unaenda wapi na hiyo kitu?"

"Hapa tu, kwa marakuja."

Mmarakuja, mmea wa pasheni, ulitambaa kwenye ua wa miti, na kiwavi mwenye miiba alikuwa anakula jani lake. Aloys alilala kifudifudi, akabana pumzi. Kwa muda mfupi hapakuwa na vita. Palikuwa na taya mbili nyeusi zikikata ukingo wa jani, kushoto, kulia, kushoto.

"We muzee! Uko napiga nani foto?"

Mwanajeshi alikuwa ameshavuka geti, peke yake, bunduki begani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aloys aliinuka taratibu, mikono juu, kamera ikining'inia shingoni.

"Ni mududu tu, chef."

"Mududu? Ba-espion yote, bapelelezi, banasema vile. Bafoto iko wapi? Fungua nyumba, nione."

Colette alikuwa amesimama mlangoni. Hakusogea. Aloys aliona vidole vyake vimeng'ang'ania kitenge, akajua kwamba mtu huyu akifika kwenye kile chumba, ubao mmoja tu ukilia, basi.

"Chef, ndani giza tupu, courant ya taa hakuna. Ukweli iko hapa. Lala chini, uangalie mwenyewe."

Alishangaa kusikia sauti yake imekuwa ile ya zamani, ya kufundisha wanafunzi kituoni. Mwanajeshi alimtazama, akatazama jani. Kisha akaweka bunduki kwenye majani, akalala. Aloys alimwekea kamera jichoni.

"Sioni kitu."

"Sogea mbele. Polepole. Usipumue."

Halafu mtu yule akaruka nyuma kama aliyeng'atwa.

"Mama! Iko na meno!"

Akacheka. Aloys naye akacheka. Akamwonyesha miiba, akamwonyesha miguu sita ya kweli na ile ya nyuma ya kujishikizia tu, akamweleza jinsi kiwavi anavyobambua ngozi yake kila inapombana. Walikaa hapo karibu nusu saa. Bunduki ilikuwa karibu na goti la Aloys, na hakuigusa.

Mwishowe mwanajeshi alisimama, akavaa mkanda wa kamera shingoni mwake.

"Hii sasa ni yangu."

"Ni yako, chef," Aloys akasema, akamfungulia geti.

Waasi waliondoka mjini baada ya siku chache. Virginie aliposhuka magoti yalikataa kunyooka, ikabidi wazazi wamshike huku na huku hadi kwenye kiti. Colette alimwaga machozi, akawasha makaa, akapika fufu ya muhogo na visamaki vya ndagala. Jirani mmoja alileta sabuni. Aloys aliwaambia wote kwamba kamera imeibwa.

Virginie aliendelea kula. Jirani alipoondoka, akasema bila kuinua macho:

"Papa, nilisikia yote. Mulikuwa munacheka."

"Nilikuwa nakulinda, mwanangu."

"Najua. Lakini ulicheka kweli. Miye najua kicheko chako."

Aloys alitaka kusema ilikuwa woga, na mwanzoni ilikuwa woga. Lakini mtu yule alikuwa ameona taya za kiwavi kwa mara ya kwanza maishani, na Aloys alikuwa amefurahi, huku mtoto wake akijiuma mkono juu ya mbao ili asikohoe.

"Ndiyo," akasema. "Nilicheka."

Virginie aliitikia kwa kichwa, akasogeza sahani, akaomba maji.