Matundu ya Misumari

Tulipofukuzwa shambani kule Kwanza, nje ya mji wa Kitale, mama hakuhangaika na vitanda. Vita vya mashamba vilikuwa vimefika kwa jirani. Alipanda juu ya nyumba akang'oa mabati, mimi nikawa chini nayapokea. Tuliyafunga kwa kamba tukayapeleka mtaa wa Tuwan, Kitale mjini, tukajenga tena.

Hiyo nyumba ilivuja sana. Matundu ya misumari ya zamani hayakukutana na mbao mpya, kwa hivyo mama akayaziba kwa vipande vya malapa kuukuu. "Hapa nimefika," aliniambia. "Nikitoka hapa ni kwa jeneza." Akaanza kuuza mahindi ya kuchemsha mlangoni, baadaye maharagwe kwa gunia. Wengine waliofukuzwa kama sisi wakaja, mmoja na cherehani, mwingine akaweka kinu cha kusaga. Watu wa mjini wakazoea kuja, pakaitwa soko.

Mkutano wa barabara ulipoitwa, mama ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote. Ati lami inakuja! Nilikuwa kando yake, nami nikapiga makofi.

Kabla ya lami ilikuja rangi nyekundu. Walichora X kwenye ukuta wetu na kwenye kuta za wenzetu wote, wakatupa siku chache. Mama akaenda ofisi ya barabara kuuliza.

"Mama, si ni nyinyi mlikuwa mnalia mnataka barabara?" afisa alimwambia. Hakuwa mkali.

"Ni kweli," mama alisema, akarudi nyumbani.

Mara ya kwanza nililia njia nzima. Safari hii nilingoja machozi, wapi! Sikusikia chochote. Nilipanda juu nikang'oa mabati, mama akiyapokea chini, na saa sita tukala ugali wa baridi.

Sasa tuko Bungoma, karibu na Mabanga, kwenye kona ya shamba la mjomba. Amesema tukae kwanza, mengine tutaongea. Mama hajataja jeneza tena. Siku ya kuezeka alikaa chini juu ya debe, akimtazama fundi.

"Fundi, misumari usigonge mpaka mwisho. Acha vichwa vitokeze."

"Mama, upepo utabeba hii nyumba bana."

"Acha tu. Kung'oa misumari ndiko huumiza mikono."

Fundi alinigeukia, akingoja nimkataze mama. Nilimpitishia misumari mingine.