Kiti cha Mbele cha Cucu Rahab

Ukifika Kiamunyi uulize nyumba ya Lynn wa vifaranga, yeyote utakayemkuta njiani atakuelekeza. Mimi nilihamia hapo kabla yake, na nimeuza kabichi hapo kabla yake, lakini ukiuliza nyumba ya Wamuyu utaulizwa, Wamuyu yupi? Naanza na hilo ili ujue mapema kwamba sitamsimulia Lynn kwa moyo mweupe. Namwonea wivu. Nitasema kweli yake yote, ila usitarajie niiimbe.

Lynn Nakhumicha ameolewa na Kahiga, mdogo wa mume wangu Ndegwa. Wazazi wake ni watu wa Bungoma, lakini yeye alizaliwa hapa Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi, baba yake akiwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha blanketi. Siku Kahiga alipomleta Molo kumwona mama yao, Cucu Rahab, yaani Bibi Rahab kwa Kikuyu, hakujua Kikuyu hata cha kuomba maji. Nilimhurumia. Nilidhani atakaa kwenye kona ya jiko akimenya viazi miaka na miaka, kama nilivyokaa mimi. Kumbe jioni ile ile alijaribu kumsalimia Cucu kwa Kikuyu, akakosea vibaya, akacheka mwenyewe, na Cucu akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi ni mke wa kifungua mimba wake, na sijawahi kumchekesha yule mama.

Nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho Lynn hakuwa nacho. Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuendesha gari katika ukoo ule. Probox yangu hubeba kabichi na karoti kutoka Molo hadi sokoni Nakuru, na kila Cucu alipokuwa na safari, iwe ya kanisani, ya kliniki ya macho au ya mazishini, mimi ndiye niliyeitwa. Aliketi mbele, karibu nami, mkoba magotini. Alikuwa na mazoea ya kukunja shali yake na kuiweka nyuma ya mgongo kabla hatujaondoka. Baridi ya Molo, nilijiambia. Wake wengine wa boma walikaa nyuma na watoto, na mimi nilipita mbele ya maduka polepole ili watu waone ni nani ameketi pale.

Sasa sikiliza ujinga. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha Lynn kuendesha. Nilimpeleka kwenye kiwanja cha shule, nikamwonyesha klachi, nikavumilia alivyolirusha gari langu kama chura. Alikuwa ameanza biashara ya vifaranga, akiwapelekea wafugaji wa Molo na Kuresoi, na wenye magari walimsumbua. Alipopata leseni, yeye na Kahiga wakanunua Escudo kuukuu, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne. Nikasema moyoni, haya, amepata gari refu kuliko langu.

Vifaranga wake wakawa wanafika wamekufa. Barabara za kule ni mawe na mashimo, na kifaranga cha siku moja hakiwezi kurushwarushwa. Mwingine angekata tamaa. Lynn alikwenda kumtafuta mzee Wasike, dereva mstaafu wa watalii, ambaye Jumamosi hufundisha watu kuendesha kwenye njia za vumbi na mawe chini ya Menengai. Jioni moja alinijia akiwa mweupe kwa vumbi, akanywa chai yangu akihubiri, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Nderitu, kumbe tairi ikiwa ngumu ndiyo inaruka kila jiwe! Ukitoa upepo kidogo inalala, inashika chini. Inapita juu ya mawe polepole."

"Lynn," nikamwambia, "watu wote wanaenda petroli station kuongezewa upepo. Wewe umeenda kufundishwa kuutoa?"

"Si wote, mama. Kidogo tu. Halafu unaenda mos mos, hukati kona kwa nguvu, tairi isitoke kwa rim. Ukirudi kwa lami unajaza tena."

Nilicheka sana. Wiki zilizofuata vifaranga wakaacha kufa, na mimi nikaacha kucheka.

Basi mwanangu Nderitu akapata mchumba, Fancy, msichana Mkalenjin wa upande wa Keringet, mpole na mwenye haya. Ikapangwa siku ya sisi kwenda kwao kujitambulisha. Hiyo ilikuwa siku yangu. Mama wa kijana ni mmoja tu, na nilitaka jambo moja, niingie kwenye boma lile nikiendesha mwenyewe, Cucu, bibi yake Nderitu, ameketi mbele kando yangu. Nililiota nikipika, nililiota nikipakia karoti. Kahiga aliposema labda Cucu apande Escudo kwa sababu ya matope, nilimtazama hivi, akabadilisha mazungumzo.

Kwetu gari la kwenda kwa wakwe huoshwa hadi chini ya bodi, na magurudumu hupakwa rangi yang'ae. Tena haliingii boma la watu limechuchumaa nyuma, wakwe wasije wakasema tumeleta mzigo uliotushinda. Na langu lilikuwa na mzigo hasa, kreti za soda, sukari, unga, mafuta, na blanketi la babu yake Fancy. Kwa hiyo pale Molo nikamwita mwenye pampu.

"Mathe, nikuwekee ngapi?"

"Weka mpaka gari isimame."

Akaweka, Probox ikasimama kama bibi harusi. Wazee, pamoja na Ndegwa, Kahiga na Nderitu, walikuwa wametangulia kwa lori la viazi la jirani, lile la minyororo kwenye magurudumu. Sisi wanawake tulifuata kwa magari mawili. Cucu alikunja shali yake, akaiweka mgongoni, akaketi mbele kwangu. Lynn aliendesha nyuma yetu, mahali pake.

Lami ilipoisha, mbele ya Keringet, mvua ya usiku ilikuwa imeifanya barabara kuwa uji. Lynn akapiga honi, akasimama, akashuka. Akachuchumaa kwa gauni lake zuri la kitenge, akabonyeza valvu ya gurudumu la kwanza, pssss, mbele ya vijana wa bodaboda waliojaa pale.

"Mathe, hiyo gari inalia nini?" mmoja akauliza.

"Wacha ilie. Itanyamaza kwa mlima."

Wakaangua kicheko, na wakamshikia mwavuli. Hata wale! Mtu anatoa upepo wa gari lake barabarani na bado anapendwa. Alimaliza yote manne, akipima kwa kipimo kidogo alichopewa na Wasike, kisha akaja dirishani kwangu.

"Mama Nderitu, nikutolee kidogo? Yako imejaa sana, itateleza."

"Niingie kwa wakwe wa mtoto wangu na tairi zimelala? Waseme tumekuja na gari ya kuokotwa?"

"Watakuwa wanaangalia watu, mama, si tairi."

"Twende, Lynn. Tumechelewa."

Cucu alimtazama Lynn, akanitazama mimi, akashika dashibodi kwa mikono miwili.

Nilikwama kwenye mlima wa mwisho, paa la nyumba ya kina Fancy likionekana juu. Magurudumu yalizunguka hapo hapo yakilia, yakirusha matope hadi kwenye vioo. Nilirudi nyuma, nikajaribu tena, gari likaenda kando kando kama mlevi na kuegemea ukingo. Lynn akanipita taratibu, Escudo yake imetulia, akafika juu, akasimamisha. Halafu akashuka mlima kwa miguu, viatu mkononi. Laiti angecheka! Angecheka ningepata la kumchukia.

"Bado inawezekana," alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Nitoe kidogo tu, utapanda na Cucu akiwa hapo hapo mbele."

Alikuwa amejua. Alijua ninachokitaka siku ile, na alikuwa ananipa. Hilo ndilo lililonichoma.

"Mimi nimeendesha hizi barabara wewe bado unaogopa klachi," nikasema.

Mlango wa pili ukafunguka. Cucu alikuwa ameshachukua mkoba na shali.

"Wamuyu, mvua inarudi," alisema. "Wenyewe wametungoja. Acha niende."

Akashika mkono wa Lynn, wakapanda mlima wakienda hatua kwa hatua, na wanawake waliokuwa nyuma yangu wakawafuata kama vifaranga. Kabla hajaondoka Lynn aliweka kile kipimo juu ya kiti, pale pale Cucu alipokuwa ameketi. "Usishuke chini ya ishirini na tano, uko na mzigo," aliniambia. Kiti kile kitupu sikuweza kukitazama.

Nilibaki na Eucabeth peke yake, rafiki yangu wa kanisani. Tulisikia nyimbo zikianza huko juu. Nikawasha gari, nikakanyaga mafuta kwa hasira, likazama zaidi.

"Mama Nderitu," Eucabeth akasema, "hakuna mtu anakuona hapa isipokuwa mimi. Na mimi nimefunga macho."

Nikashuka. Nikapiga magoti kwenye matope na suti yangu ya harusini, nikabonyeza valvu kwa ufunguo. Ule upepo ulitoka kwa kelele, baridi, ukinipiga usoni, na nilikuwa ninalia. Nilipima kama nilivyoambiwa. Nilipomaliza yote manne nikaweka gia ya kwanza, nikaachilia klachi polepole, na Probox ikapanda. Ilipanda tu, bila fujo. Nilikasirika zaidi lilipopanda kuliko nilivyokasirika lilipokwama.

Langoni wanawake walikuwa bado wanaimba. Wazee walishaketishwa hemani upande wa pili, hakuna hata mmoja wa kutujulisha. Nilimwona Cucu amevishwa shada la sinendet, ule mmea mbichi wa kijani ambao Wakalenjin humvisha mgeni wa heshima. Na kando yake alisimama mama yake Fancy, akimkumbatia Lynn kwa mikono yote miwili na kumtikisa kwa furaha. Lynn naye alikuwa na shada shingoni.

"Chamgei, mama Nderitu! Karibu, mama Nderitu! Umetuletea bibi!" alimsalimia Lynn kwa salamu ya kwao.

Lynn alikuwa anajaribu kusema kitu, nyimbo zinammeza. Nilizima gari. Nilikaa hapo ndani, mikono kwenye usukani, matope mpaka mapajani. Nikawaza, si yeye ndiye aliyemleta bibi? Mgeni gani angejua tofauti?

Kisha Lynn akaliona gari. Akajichomoa, akaja mbio kwa matope, akafungua mlango wangu, akanivuta mkono kama mtoto avutwaye kwenda kupiga picha.

"Mama, si mimi! Huyu ndiye mama ya Nderitu! Mimi nimesaidia tu kuleta Cucu!"

Akavua lile shada mbele ya watu wote, akanivisha. Mama yake Fancy alijishika mdomo, akacheka kwa aibu, akanikumbatia pamoja na matope yangu. Watu wakapiga vigelegele. Nilitabasamu, nikaitikia salamu, nikabusu mashavu. Lakini shada lile lilikuwa na joto la shingo ya Lynn, na nililisikia mpaka tulipokula.

Mambo mengine yalikwenda vizuri, Fancy ni wetu sasa. Jua lilipoinama tukaagana. Niliona Escudo imefunguliwa mlango wa mbele, Kahiga amemshika mama yake mkono, nikajisemea, haya, imekwisha. Nikaenda kwenye Probox kupanga kreti tupu ili nisione.

Nilipogeuka, Cucu alikuwa amesimama kando ya gari langu. Alikuwa akitazama magurudumu, yalivyolala. Aliinama, akaliminya la mbele kwa kidole, kama aminyavyo parachichi sokoni.

"Umetoa," alisema.

"Nimetoa, Mama."

"Basi leo haitanipiga mgongo."

Akafungua mlango, akaketi mbele, akaweka mkoba magotini. Shali hakuikunja. Aliitandaza mabegani, akaegemea kiti, akafumba macho.

Nilisimama pale na mlango mkononi. Safari zote zile, kanisani, kliniki, mazishini, maduka yote niliyopita polepole ili nionekane. Mama yule alikuwa anaumia, na alikuwa anakaa.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?" nilimuuliza tulipoanza kushuka.

"Ulikuwa unafurahi sana," alijibu, bado amefumba macho.

Tulishuka mlima polepole, magurudumu yakimeza mawe, na kabla hatujafika lami Cucu alikuwa amelala usingizi, kichwa kimeegemea bega langu. Haijawahi kutokea. Lakini ukifika kwenye lami huwezi kuendelea na magurudumu yamelala, na mwenye pampu ya kuchomeka kwenye gari ni mmoja tu. Ilinibidi niegeshe kando na kumngoja Lynn. Alikuja, akashuka akipiga mluzi, akaanza kujaza la mbele taratibu ili asimwamshe Cucu, akanionyeshea kidole mdomoni ninyamaze. Ni pampu nzuri, ndogo, ya rangi nyekundu, haina kelele. Na hiyo pia niliionea wivu.