Nusu ya Kwanza ya Noreen Dellarocca

Kwenye mitaa ile yenye namba za arobaini na kitu, magharibi ya Broadway, penye kumbi za michezo ya nyimbo, hakuna anayekuuliza unafanya kazi gani. Wanakuuliza ulimsikia Haberkorn mara ya kwanza wapi, na jibu lako ndilo linaloamua utakaa upande gani wa meza.

Meza yenyewe iko katika mkahawa wa Mgiriki mmoja wa Barabara ya Tisa, nyuma kabisa. Kila mwaka, Jumapili iliyo karibu na siku aliyozaliwa Emil Haberkorn, mtunzi wa michezo ya nyimbo ambaye ulimwengu umefaulu kuishi bila kumjua, sisi wapenzi wake hukutana pale baada ya maonyesho ya mchana, na kila mmoja husimama akasimulia Mara ya Kwanza yake. Hadithi ni zilezile kila mwaka. Hakuna anayezichoka, kwa kuwa hakuna anayesikiliza ya mwenzake. Kila mtu yuko mbioni kuipiga msasa yake.

Aliyemsikia kwenye sahani ya santuri huketi karibu na choo. Aliyemsikia ukumbini huketi dirishani. Na aliyeuona "Maziwa ya Alfajiri", mchezo ulioanguka vibaya kuliko yote, ukafungwa kabla wiki haijaisha bila kurekodiwa hata wimbo mmoja, huyo huketi kichwani pa meza na keki ya jibini huletwa kwake kwanza. Mchezo uliofaulu hata watalii wanauona. Heshima kwetu ni kuwa shahidi wa maafa.

Mashahidi walikuwa watatu. Mwalimu Thaddeus Wexelblatt, aliyesomesha Kilatini mpaka wanafunzi wakaisha. Ynez Carballo, aliyekuwa akiwavisha waigizaji nyuma ya jukwaa. Na Noreen Dellarocca wa Ridgewood, fundi wa kuwapimia watu fremu za miwani, ambaye aliuona nusu.

Hakuwahi kuificha nusu hiyo. Aliisimulia amesimama, mkono mmoja kiunoni.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina hela, sina haya," alikuwa akisema. "Siku zile tulikula nusu. Unajua kula nusu? Unangoja mapumziko, watu wa ndani wanatoka kuvuta sigara, unajichanganya nao, halafu kengele ikilia unarudi nao ndani kama mtu aliyelipa. Ila Februari lazima uje bila koti, maana wenye tiketi makoti yao yako ndani. Basi nimesimama pale natetemeka, meno yanagongana, nimeshika programu ya wiki iliyopita kama ushahidi."

"Ya mchezo gani?" angeuliza mtu, kwa sababu ndipo pa kuuliza.

"Wa jirani! Kumbi mbili ukuta mmoja, wavutaji wa pande zote wamechanganyikana kama njiwa. Nikafuata kundi lisilo la mchezo ule. Naingia, naona viti vitupu tele, nikajua nimepotea. Kwenye mchezo wa jirani usingepata hata pa kusimama. Nikasema basi, nimeshaketi, kuna joto."

Ndipo mwuza maziwa, mhusika mkuu wa mchezo, alipobaki peke yake jukwaani, akageukia gizani upande wa kushoto, akaimba:

Ulizijua zote njia zangu,
ukasimama bila kuambiwa;
pumzi yako mgongoni mwangu,
na tufaha ulilotunukiwa.

"Anamwimbia Henrietta," Noreen angesema, sauti ikishuka. "Mkewe. Marehemu. Nililia mpaka bwana wa kiti cha pili akanipa leso, na hakuidai tena. Nikarudi Jumamosi na hela yangu mwenyewe ninunue nusu ya kwanza, nikakuta mafundi juu ya ngazi wanang'oa herufi za jina la mchezo juu ya mlango."

Mara ya kwanza aliposimulia hivi mezani petu, kijana bado, Mwalimu Wexelblatt alifungua kinywa, na Ynez akamkanyaga mguu chini ya meza. Maana sisi tuna sheria moja, na labda ndiyo pekee tuliyowahi kuitii maishani: asiyeuona mchezo haambiwi kilichomo. Unaweza kumwibia mtu mke. Mwanzo wa hadithi humwibii. Sheria haikusema lolote kuhusu mtu aliyeuona mwisho, lakini Mwalimu aliitafsiri kwa upana, kama wafanyavyo wasomi.

Kwa hiyo tulinyamaza. Noreen alipoolewa na Augie Dellarocca, fundi wa lifti asiyevumilia watu wanaoanza kuimba katikati ya mazungumzo, wimbo ule ulipigwa harusini. Binamu yake Carmine aliuimba kwa kodiani, kwa jinsi Noreen alivyoukumbuka. Tulikuwepo wote. Mwalimu Wexelblatt alizika uso wake kwenye leso, mabega yakamtikisika, na mama wa bibi harusi akasema hajawahi kuona mwanamume mwenye moyo laini vile. Binti alipozaliwa wakamwita Henrietta. Tulihudhuria ubatizo pia. Na kila mwaka, siku ya ndoa yao, Augie huweka tufaha mfukoni mwa koti na kumpa mkewe asubuhi, kwa kuwa wimbo ulisema hivyo, na yeye ni mtu wa kufuata maelekezo ya kiwanda.

Mwanzo alioukosa, Noreen alijitungia mwenyewe. Aliwasimulia watoto kitandani: jinsi Henrietta alivyokuwa mshona kofia, jinsi mwuza maziwa alivyomwachia chupa ya ziada mlangoni, jinsi kikohozi kilivyomchukua. Kilikuwa kitu kizuri. Si neno la kusema mezani petu, lakini huenda kilimzidi Haberkorn.

Basi mwaka juzi zikaja habari kwamba kikundi kimoja kinachofufua michezo iliyokufa kitauonyesha "Maziwa ya Alfajiri" kwa wiki moja, waigizaji wamesimama na makaratasi yao, bila mapambo. Noti za muziki zilikuwa zimepatikana kwa mjane wa mpiga ngoma, zimekunjwa chini ya mguu wa friji, na kwa miaka yote hiyo friji haikuyumba.

Noreen alizipokea habari hizi kama mtu aliyeambiwa daktari anataka kumwona.

"Nimengoja maisha yangu yote," alisema mkahawani, supu yake ikipoa. "Sasa naogopa. Henrietta wangu nimemlea mwenyewe. Wakimleta mwingine, ana sauti ya bati? Wimbo utaniharibikia. Nikiupoteza ule sina mwingine."

"Usiende basi," alisema Mwalimu, haraka mno.

"We Mwalimu una nini? Kila nikitaja mchezo huu unakuwa kama mtu aliyekalia pini."

Noreen alipokwenda kusalimia jikoni, Ynez akamgeukia Mwalimu. "Tumwambie. Leo."

"Sheria ni sheria."

"Wewe una sheria. Mimi nina rafiki, na rafiki yangu amempa mwanawe lile jina."

"Jina lenyewe ni zuri."

"Thaddeus!"

Noreen aliporudi, Ynez alimshika mkono. "Shoga, sikiliza. Kuna jambo la nusu ya kwanza—"

Noreen akauchomoa mkono na kuziba masikio yote mawili, kijiko bado vidoleni. "Usithubutu! Umekaa kimya miaka yote kama mtu mwenye adabu, usiniharibie sasa. Nitaona kwa macho yangu au sitaona kabisa."

Ikawa hivyo.

Alichukua tiketi za Jumapili mchana, mbili, kwa kuwa Augie alisema atakuja. Hili lilitushtua kuliko kufufuka kwa mchezo wenyewe. Alivaa tai. Aliketi kama mtu aliyefungwa ndani ya lifti yake mwenyewe, na sisi tukaketi safu ya nyuma yao, si kutazama jukwaa bali kumtazama Noreen kisogo.

Taa zikazimika. Mwuza maziwa akatoka: kapera, mgomvi, hana ndugu, hana mke, na wimbo wake wa kwanza ulisema wazi kwamba hakusudii kupata. Kisogo cha Noreen kikainama kidogo upande. Akitafuta, nadhani, mshona kofia ataingilia mlango gani.

Kisha mwigizaji aliyekuwa akisoma maelekezo ya jukwaani akafunua karatasi na kusema kwa sauti ya kutangaza treni: "Anaingia Henrietta, akivuta gari la maziwa."

Mpiga ngoma akagonga vijiti viwili vya mbao: ko-ko, ko-ko.

Noreen hakusogea. Mwuza maziwa alimpapasa shingo Henrietta asiyeonekana, akamwuliza kama amelala vizuri, akatoa tufaha mfukoni. Hapo Augie akakaa wima. Alimtazama mkewe, akalitazama tufaha, akamtazama tena mkewe. Nusu nzima ilikwenda hivyo: farasi ajuaye kila mlango mtaani, mwenye gari asiyejua jina la mtu hata mmoja, mpaka kampuni ikatangaza kwamba imenunua malori na Henrietta atauzwa. Taa zikawaka.

Augie akalegeza tai.

"Noreen," alisema Augie. "Ni farasi."

"Nimeona."

"Mimi nimekuwa nikikupa tufaha—"

"Nimeona, Augie."

"Na mtoto tumempa jina la farasi."

"Nina macho, baba."

Augie alifikiri. "Sasa naelewa kwa nini anashinda zile mbio zake."

Noreen akageuka nyuma. Sijawahi kuona watu wazima wengi vile wakichunguza dari kwa pamoja.

"Mlijua," alisema. "Wote. Harusini kwangu! Wewe Mwalimu ulilia kwenye leso, mama yangu alikusifu mpaka anakufa!"

"Sikuwa nalia," alisema Mwalimu Wexelblatt, ambaye hasemi uongo.

"Na wewe Ynez?"

"Mimi nilitoka nje mara mbili, shoga. Kodiani ilipofika kwenye pumzi ya mgongoni, nilishindwa."

Noreen akainuka, akatoka, bila koti. Tulimkuta kando ya barabara, katikati ya wavuta sigara, amejikumbatia. Kengele ikalia, watu wakaanza kurudi. Yeye akabaki.

"Nyie ingieni," alisema. "Nusu ya pili nimeshaiona. Wimbo wangu ninao, nitakwenda nao nyumbani kama ulivyo. Nikiusikia humo ndani leo, wale watu watacheka. Wakicheka, basi, umekwisha."

Tuliona ana haki. Ynez alianza kulia kweli. Ila Augie alikuwa amesimama mlangoni, tiketi mkononi, uso wa mtu aliyeona mashine imefunguliwa na hajui bado inafanyaje kazi.

"Watamuuza au hawamuuzi?" aliuliza.

"Nini?"

"Huyo farasi. Wewe unajua mwisho, mimi sijui. Umenileta mjini, umenivalisha tai, sasa unataka niende nyumbani na nusu?"

Noreen alimtazama. Midomo yake ilianza kumsaliti pembeni.

"Augie Dellarocca. Unataka kuona mchezo wa nyimbo?"

"Sijasema nyimbo. Nimesema farasi. Twende, mama, wanafunga mlango."

Wakaingia wa mwisho.

Wimbo ulipofika, mwuza maziwa alisimama peke yake, akageukia kushoto, akaanza: Ulizijua zote njia zangu. Na kweli watu walicheka. Si wengi, lakini walicheka, na mimi niliona mabega ya Noreen yakipanda mpaka masikioni. Mstari wa pili wakacheka kidogo zaidi. Wa tatu, mmoja tu. Wa nne, hakuna. Kwa kuwa mtu yule jukwaani hakuwa na mwingine duniani wa kumwimbia, na ukumbi mzima ulikuwa umeona kwa nusu nzima kwamba hana. Noreen wa miaka kumi na tisa, aliyelilia mke marehemu, alikuwa ameililia hasara ndogo kuliko iliyokuwepo.

Kisha vile vijiti vikagonga, ko-ko, ko-ko, vikienda mbali, polepole, mpaka visisikike. Mabega ya Noreen yakashuka. Alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja, jambo ambalo kwa nyuma linaonekana kama kwikwi.

Alituegemea sote kwenye ngazi tulipokuwa tukitoka. "Vile vijiti!" alisema. "Nilidhani ni viatu vyake akishuka ngazi, roho yake inaondoka. Nilisema, huyu Haberkorn, viatu vya marehemu, ni fundi kweli. Kwato! Ni kwato!" Akafuta macho. "Ni mzuri zaidi. Mungu nisamehe, ni mzuri zaidi. Mke angekuwa na watu wa kumzika. Huyu nani angemlilia?"

Mwalimu Wexelblatt aliomba radhi kwa Kilatini, kisha kwa lugha ya watu. Noreen akambusu shavuni na kumwambia asimkaribie mpaka Krismasi.

Augie alikuwa ameshatoa simu ampigie binti yao. Noreen akampokonya. "Huyo haambiwi kitu. Jumanne tunamleta, anaketi kitini toka taa zinazimwa, anajionea mwenyewe."

"Jumanne tunakuja tena?"

"Wewe unaweza kubaki."

"Nani kasema nabaki? Kuna pale mwanzo, yule mtu wa kampuni, sikumfuata vizuri."

Tuliwasindikiza mpaka stesheni ya chini ya ardhi. Treni ya kwenda Ridgewood ilichelewa, na Noreen akaanza kuuimba wimbo wote pale jukwaani pa kungojea, kwa sauti ileile isiyojali noti. Augie, ambaye siku zote alisema hakuna kitu kibaya kama mtu anayeanza kuimba bila sababu, alisikiliza mistari mitatu, mikono nyuma. Kwenye wa nne akaanza kugonga visigino vyake kwenye saruji, ko-ko, ko-ko, kwa uangalifu mkubwa, akiutangulia wimbo kidogo. Bibi mmoja mwenye mifuko ya sokoni akahama benchi. Treni ilipoingia walikuwa wameanza upya, kwa sababu Noreen alisema Henrietta anakwenda mbio mno na itabidi arudie.